Hodi, Ulimwengu

Anayejifunza kutunga programu karibu kila mara huanza na zoezi moja: anaiamuru kompyuta iandike hello, world, maneno mawili ya Kiingereza ya kuisalimu dunia, basi. Brian Kernighan aliyaweka katika mafunzo ya lugha ya B alipokuwa Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kitabu chake na Dennis Ritchie kuhusu lugha ya C, kilichotoka mwaka 1978, kikayaeneza kila palipo na kompyuta, na Java ilipotolewa mwaka 1995 ilikuta desturi imeshakomaa. Hayo yanajulikana. Kinachonishughulisha ni jina la zoezi hili kwa Kiswahili, pamoja na majina ya viungo vyake, kwa sababu neno analolipokea mwanafunzi siku ya kwanza ndilo atakalofikiria kwalo miaka yote.

Istilahi ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na shina lake ndilo lililotupatia suluhu na usuluhishi. Istilahi basi ni mapatano: watu wamekaa, wakasikilizana kwamba kitu fulani tukiite hivi. Kwa hiyo ninayoyasema hapa ni mapendekezo, na wewe msomaji, mlinzi mwenzangu wa lugha hii, una kauli yako.

Tuanze na salamu yenyewe. Wengi huandika Habari, Dunia. Lakini habari ni swali lililokatwa mkia: habari gani, habari za asubuhi, habari za safari. Anayeuliza habari hungoja aambiwe ni njema. Programu hii haingoji kitu. Inaandika mstari wake, inakwisha.

Hujambo nalo ni swali, tena humwelekea mtu mmoja: huna jambo? Ukiitumia lazima uamue kwanza kama dunia ni mmoja au wengi, maana wengi huulizwa hamjambo. Hujambo nitairudia mbele kidogo, pale inapofaa.

Jambo, bila kiambishi chochote, ni Kiswahili cha kuwapokelea wageni uwanja wa ndege. Hata hivyo ina nafasi yake katika historia ya kompyuta kwetu. Mradi wa kutafsiri programu huria uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu zake za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, uliziita Jambo OpenOffice. Bidhaa inaweza kubeba jina hilo, kwa kuwa bidhaa humwita mgeni. Zoezi la mwanafunzi lastahili neno lenye maana kamili.

Shikamoo inavutia. Mdogo ndiye amwanziaye mkubwa, na programu yenye umri wa dakika moja ni mdogo kweli mbele ya dunia. Asili yake husimuliwa kuwa ni kushika miguu ya mkubwa, na mtunga programu anayeanza kwa unyenyekevu huo ameanza vizuri. Ila shikamoo hukamilika kwa marahaba, na hapa marahaba haiji.

Sasa tazama programu hii hufanya nini hasa. Maneno inayoyaandika hayana faida kwa mtu. Mwalimu huyatoa ili ahakikishe kwamba vifaa vimewekwa sawasawa kwenye mashine, faili limehifadhiwa mahali pake, amri ya kuendesha inafahamika, na njia nzima kutoka kidoleni hadi kwenye skrini imefunguka. Mtu amesimama nje anataka kujua kama kuna mwenyeji ndani. Tendo hilo Kiswahili kina neno lake kamili: kupiga hodi. Hodi husemwa kabla ya kumwona mtu. Husemwa bila kujua aliyemo. Hurudiwa hadi mara tatu, na mwanafunzi ambaye programu yake imekataa huirudia vivyo hivyo. Jibu la hodi ni karibu, na maneno yakijitokeza kwenye skrini mashine imekwisha kukaribisha.

Napendekeza basi zoezi hili liitwe programu ya hodi, na salamu yake iwe Hodi, Ulimwengu. Mwalimu aweze kusema: leo tunapiga hodi kwenye Python, wiki ijayo tutapiga hodi kwenye C. Sentensi hiyo haihitaji maelezo kwa mtoto wa Tanga wala wa Kisumu.

Kwa nini ulimwengu, na si dunia? Wahenga waliyaweka maneno haya mawili kwenye methali moja na kuyagawia sifa: dunia hadaa, ulimwengu shujaa. Dunia imetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni ile iliyo karibu, ya chini, mkabala wa akhera. Siku hizi pia ni jina la sayari, ya tatu kutoka kwenye jua. Ulimwengu una watu ndani yake, walimwengu, na mambo yao, malimwengu. Hodi hupigiwa watu.

Baada ya salamu huja kitenzi, na hapo lugha za programu zenyewe zimegawanyika. BASIC, iliyozaliwa chuoni Dartmouth mwaka 1964, ilisema PRINT, na ilimaanisha hivyo hivyo: wanafunzi walikaa mbele ya mashine za teletaipu, na jawabu likaja juu ya karatasi. Hapo chapa lingefaa kabisa. Chapa ni neno lililotujia kutoka Bara Hindi na tumelizalisha sana: chapa ya ng'ombe, Mpiga Chapa wa Serikali, kuchapa viboko, kuchapa kazi. Lakini karatasi imeondoka na PRINT imebaki, hata katika Python. Mwanafunzi wa leo akiambiwa chapa atatafuta printa. Tuiachie printa neno lake.

Pascal ya Niklaus Wirth, ya mwaka 1970, husema writeln, yaani andika kisha ushuke mstari. Hili ndilo ninalolichagua kwa lugha zote. Andika ni kongwe kuliko karatasi kwetu; tunaandika meza, yaani tunapanga vyombo mahali pake kabla ya watu kula. Maana ya kupanga imo ndani ya kitenzi tangu zamani. Kompyuta nayo hupanga herufi, moja baada ya nyingine, mahali palipoamriwa. Andika halijali kama pa kuandikia ni mchanga, ubao au skrini.

COBOL husema DISPLAY. Onyesha litafaa, hasa pale kinachotolewa ni picha. Katika Scratch, ambayo watoto hutunga kwa kuunganisha vipande vya rangi, paka hutamka maneno ndani ya kiputo, na amri yake ni kusema; sema basi, kwa kuwa mdomo upo. Ipo pia echo, ambayo Unix na PHP huitumia. Kwetu echo ni mwangwi, na katika Unix jina hilo limekaa barabara: unaipa amri maneno, inakurudishia yale yale.

JavaScript ina lake la pekee, console.log. Wengi hutafsiri log kuwa kumbukumbu, neno lililokwisha kulemewa: kumbukumbu za mkutano, kumbukumbu ya marehemu, kumbukumbu ya mashine yenyewe. Log ya Kiingereza ilitoka baharini. Mabaharia walifunga kipande cha gogo kwenye kamba, wakakitupa majini kupima mwendo wa meli, wakaandika vipimo kitabuni, na kitabu kikarithi jina la gogo. Sisi watu wa pwani kitabu hicho tunacho, na tunakiita batli. Batli huandikwa safari ikiendelea: upepo, mwendo, jambo lililotokea. Ndivyo ilivyo log ya programu. Kuingiza kwenye batli, kusoma batli, batli ya makosa. Nashangaa kwa nini neno hili limelala kamusini.

Ndani ya amri ya kuandika kuna maneno yaliyofungiwa kwa alama za usemi, kitu ambacho Kiingereza hukiita string. Nimewahi kusikia uzi. Uzi ni tafsiri ya nusu, kwa sababu uzi mtupu hauna kitu juu yake. Nimesikia pia mfuatano wa herufi, ambao ni sahihi na mrefu mno kwa neno litakalotajwa mara hamsini kwa siku.

Kiswahili kina tungo. Tunatunga shanga katika uzi, wavuvi hutunga samaki katika ukambaa, watoto hutunga maua, na mshairi hutunga shairi. Kitenzi ni kimoja katika yote hayo, na haikutokea kwa bahati: aliyekipa kitenzi hicho kazi hizo mbili aliona kwamba kutoa shairi ni kupitisha neno baada ya neno kwenye uzi usioonekana. Wanaisimu wetu wakakichukua na kuita tungo kila mpangilio wa vipashio, kuanzia neno hadi sentensi. String ya kompyuta ni herufi zilizopitishwa kwa utaratibu usiobadilika, ukiivuruga inakuwa nyingine. Hiyo ni tungo kabisa.

Lugha ya B ilifanya maana hii ionekane kwa macho. Kipashio chake cha herufi hakikuweza kubeba zaidi ya herufi nne, kwa hiyo katika mfano huo salamu ya Kernighan ilikatwa vipande vitatu, 'hell', 'o, w' na 'orld', kisha ikaandikwa kipande kwa kipande kwa kufuatana. Shanga nne, shanga nne, shanga nne. Katika kitabu cha C tungo nzima imekaa ndani ya alama za usemi bila kukatwa.

Ukishakubali tungo, mengine yanafuata yenyewe. Kuandika programu ni kutunga programu. Afanyaye hivyo ni mtunzi wa programu. Wapo wanaosema msanidi, nami silikatai, lakini lina harufu ya ofisi. Mtunzi ni mtu aliyekwisha heshimiwa kwetu kwa karne nyingi. Na lugha ya programu, kwa ukamilifu, ni lugha ya kutungia programu: kiambishi kile kidogo kinaeleza kwamba hii ni zana, kama kalamu ya kuandikia.

Tukiwa bado ugani mwa ushairi, tuchukue tena. Mstari wa programu wengi huuita mstari, na mstari ni chochote kilichonyooka, hata cha rula. Mshororo ni mstari wenye maana ndani yake, wenye mwanzo na mwisho wake. Mshororo wa kumi una kasoro. Mtu ataelewa mara moja kwamba unazungumzia maandishi. Kundi la mishororo inayokwenda pamoja, ambayo C huifungia ndani ya mabano na Python huijongeza kulia, liwe ubeti. Ubeti umetokana na neno la Kiarabu la nyumba, na kundi hilo kweli ni nyumba: kinachotajwa ndani yake mara nyingi hakijulikani nje.

Jongeza lenyewe ni neno zuri kwa kile wanachokifanya watunzi wa Python wanaposogeza mishororo kulia. Sogeza haina upande. Jongea ina hatua ndogo, ya makusudi.

Kurudia nako kunahitaji neno. Mara tu baada ya hodi mwanafunzi huambiwa aandike salamu mara kumi, na anakutana na kile kinachoitwa kitanzi. Silipendi neno hilo darasani. Kitanzi ni cha kutegea ndege, na mtu akisikia habari za kitanzi hufikiria kwanza mauti. Ushairi una kibwagizo, kiitikio na mkarara, yote yakitaja kinachorudi. Mkarara nauchagua kwa sababu una ndugu, kukariri, wote wawili kutoka kitenzi cha Kiarabu cha kurudia. Kwa hiyo REPEAT 4 ya lugha ya Logo, inayomfanya kobe achore mraba, itakuwa kariri 4, na kipande chote kitaitwa mkarara. Walimu wetu hukemea kukariri bila kuelewa, na wana haki. Ila kompyuta ndiyo mwanafunzi pekee anayekariri bila kuelewa na kazi ikawa sahihi.

Sasa niingie mahali ambapo Kiswahili kimekaa juu ya hazina bila kuifungua. Matini ya mtunzi haieleweki na mashine mpaka ihamishwe. Katika C kazi hiyo hufanywa na compiler, katika lugha kama BASIC ya kompyuta ndogo za zamani hufanywa na interpreter. Compiler hutafsiriwa kikusanyaji, kwa kuwa kwa Kiingereza compile ni kukusanya. Kihistoria kuna sababu: Grace Hopper alipotengeneza mfumo wake wa A-0 mwaka 1952, kazi yake kubwa ilikuwa kuzikusanya programu ndogo zilizohifadhiwa kwenye tepu na kuziunga pamoja. Lakini vifaa vilivyofuata vilifanya kingine kabisa. FORTRAN ya John Backus na wenzake wa IBM, mwaka 1957, ilichukua fomula za mwanahisabati na kuzigeuza ziwe maagizo ya mashine. Huko ni kufasiri. Kiingereza kilibaki na jina la kazi ya zamani. Sisi tunalazimika nini kulibeba?

Tuna watu wawili wanaojulikana na kila mwanafunzi wa lugha: mfasiri na mkalimani. Mfasiri hupewa maandishi yote, hukaa nayo, akatoa maandishi mengine yanayoweza kusomwa bila yeye kuwepo. Mkalimani husimama kati ya wawili, anasikia sentensi, anaihamisha papo hapo, anangoja inayofuata. Akiondoka, mazungumzo yanakufa. Hiyo ndiyo tofauti ya compiler na interpreter, neno kwa neno. Kwa kuwa hawa ni vifaa, tuwape umbo la vifaa: kifasiri na kikalimani. Mwanafunzi atauliza kwa nini programu ya C inaendeshwa hata mahali ambapo kifasiri hakipo, na jibu litakuwa limo ndani ya jina.

Hazina haiishii hapo. Somo la tafsiri lina lugha chanzi na lugha lengwa, matini chanzi na matini lengwa. Anachokiandika mtunzi ni matini chanzi. Kinachotoka kwenye kifasiri ni matini lengwa. Hakuna neno hata moja la kubuni hapo.

Ndiyo maana msimbo, kama jina la maandishi ya programu, haunitulizi. Msimbo ni wa kuficha: majeshi husimba, adui husimbua. Programu nzuri huandikwa ili mtunzi mwingine aisome na kuielewa. Msimbo ubaki kwenye kazi za siri, nenosiri na benki. Programu iwe matini.

Kuendesha na kutekeleza yote yanafaa: unaendesha programu, mashine inatekeleza amri. Kukimbiza programu tusilikubali kamwe. Kinachokimbizwa ni mwizi.

Mwanafunzi wa C atasahau nukta mkato. Atasahau tu. Ujumbe utakaomrudia Kiingereza huuita error, na sisi hukimbilia kosa. Kosa ni la mtu, lina lawama, huombewa radhi. Kiswahili kina ngazi nzuri zaidi. Kasoro ni upungufu: saa tatu kasoro robo ni saa tatu iliyopungukiwa robo, na mshororo bila nukta mkato ni mshororo uliopungukiwa. Kifasiri kinapokataa matini, tuseme matini ina kasoro. Hitilafu asili yake ni kutofautiana, kutopatana. Programu iliyofasiriwa vizuri ikazimika ikiwa kazini, kwa mfano imeambiwa igawanye kwa sifuri, imepata hitilafu. Na dosari ni doa kwenye kitu kinachofanya kazi: programu inaanza, inakwisha, na jawabu lake si kweli. Hiyo ndiyo bug, iliyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa haipigi kelele.

Kwa bug wapo wanaosema mdudu, na hukumbusha nondo aliyenaswa ndani ya kompyuta ya Harvard Mark II mwaka 1947 akabandikwa kwenye batli ya mafundi. Kisa ni cha kweli, ila mafundi walikuwa wakiita dosari wadudu miaka mingi kabla ya nondo yule. Ndiyo maana alionekana wa ajabu. Kwetu mdudu angegongana na kirusi, ambacho kimekwisha kuingia kwenye kompyuta kwa maana nyingine. Dosari inatosha.

Programu ya pili, kwa kawaida, humuuliza mtu jina kisha humsalimu. Hapa hujambo inarudi kwa haki yake: Hujambo, Asha. Msikilizaji yupo, ni mmoja, na jibu linawezekana. Mahali panapotunza jina hilo huitwa kigeu katika hisabati zetu, nami nalipenda, kwa kuwa limeepuka tabia ya kigeugeu: kinabadilika kwa kuamriwa, si kwa hulka.

Limebaki jambo la Java, ambayo kwa miaka mingi ilimtaka anayepiga hodi aseme kwanza public static void main. Public ni hadharani. Static ni tuli, kama katika umeme tuli. Main, mahali programu inapoingilia, iwe lango. Void imenihangaisha zaidi. Ni alama ya kitendakazi, yaani function, kisichorudisha jibu kwa aliyekiita. Tupu lina utupu ndani yake, na mwalimu hawezi kulitamka darasani kwa utulivu. Tasa wanahisabati wamelitumia kwa namba zisizogawanyika, lakini ni neno linalomchoma mtu, sitaliongezea kazi. Bure litasomwa kazi bure, na kitendakazi hiki kazi yake hakika huifanya.

Wanasarufi wana kapa. Katika baba, dada na kaka, pale ambapo maneno mengine huweka kiambishi cha ngeli, hapana sauti yoyote. Nao husema hapo pana mofimu kapa, isiyosikika na yenye kazi. Mtaani mtu aliyerudi mikono mitupu ametoka kapa. Kitendakazi cha void kimefanya yote kiliyoamriwa, kimeandika hodi kwenye skrini, kikarudi bila kitu mkononi. Lango tuli, hadharani, kapa. Hilo ndilo langu kwa sasa, hadi aje mwenye lililo bora.